Siku Homa Ilipomtoka Mihayo

Igoma, Mwanza
20 Februari 2025

Wifi Tereza,

Shikamoo. Habari za Tandika, na habari za Hellen na chuo chake? Je, ile miguu iliyokuwa inakuwaka moto imepata nafuu, na sukari umepima karibuni? Sisi huku hatujambo. Nimeandika "sisi" kwa mazoea. Niko peke yangu.

Najua simu zangu hupokei, na kwa kweli hata ungepokea ningelia tu, tusingeelewana. Ndiyo maana nimeandika. Barua nampa Ng'washi, jirani yangu anayekuja Kariakoo mara kwa mara kufuata vitenge. Amenicheka: "Wewe na wifi yako mnaandikiana kama wachumba wa enzi za kabla ya simu." Nikamwambia wachumba gani walionuniana? Akasema hao ndio huandika kurasa nyingi.

Juzi Jumatatu niliitwa hospitali. Yule daktari Mutalemwa, Mhaya mrefu uliyemfokea siku tulipokwenda kuchukua mwili, alinikalisha akanipa majibu ya damu iliyopelekwa maabara ya mbali. Mihayo hakuwa na malaria. Ilikuwa dengi, ile ambayo Mama anaiita kidingapopo.

Kisha akaniuliza kama mume wangu aliwahi kuugua dengi siku za nyuma. Nikamwambia hapana. Akasema, "Fikiri vizuri, Mama Winnie. Hakuwahi kukaa Dar mwaka 2019? Ilikuwa nyingi sana huko." Ndipo nikakumbuka kwamba mwaka huo, mwezi wa tano, nikiwa na mimba ya Winnie, Mihayo alikuja kwako kununua mashine ya kukatia matairi. Aliaga kwa wiki moja, akarudi baada ya tatu, amekonda, suruali ameifunga kwa kipande cha mpira wa tairi. Nilipomuuliza, alisema mashine ilichelewa.

Wifi, naomba unijibu hilo moja tu. Aliugua akiwa kwako?

Winnie bado yuko Bujora kwa Mama yenu. Kikao cha ukoo kimepangwa mwezi wa sita, ndipo watasema kama nitamlea mimi au atabaki huko. Sina wa kunisemea. Maneno uliyosema makaburini ndiyo waliyoyashika.

Ni mimi wifi yako,
Evelina

*

Tandika
2 Machi 2025

Evelina,

Barua nimepata. Mimi mzima, Hellen mzima.

Kaka yangu alikuja kwangu akiwa na nguvu zake na aliondoka kwa miguu yake. Aliyerudi kwenye jeneza ametoka kwako. Nilichosema makaburini nilikisema kwa sababu watu wote wa jumuiya yenu walikiona. Mtu anakata roho, mkewe anawaandalia wageni chai. Usinitafutie mimi maswali ya daktari.

Mtoto yuko kwa bibi yake. Hakuna alikotupwa.

Tereza

*

Igoma
16 Machi 2025

Wifi Tereza,

Shikamoo. Natumaini mvua za huko hazijawaingilia ndani. Huku zimeanza, na ninapata usingizi kidogo zinaponyesha.

Umesema kweli kuhusu chai. Hujawahi kusikia habari hiyo kutoka kwangu, umesikia kwa watu, kwa hiyo nakuandikia yote.

Ilianza Jumanne. Alirudi kutoka kibandani alikokuwa anakata matairi ya viatu, kabla ya saa sita, akasema macho yanamuuma kwa nyuma, kana kwamba mtu anayasukuma kutoka ndani. Mifupa nayo. Alinitania: "Leo nimekuwa tairi, nimekanyagwa na fuso." Kesho yake jioni nilimpeleka duka la dawa. Walimpima malaria, hawakuona kitu, wakasema wakati mwingine kipimo hakioni, wakatupa dawa ya malaria. Niliomba na ya maumivu, wakanipa diklofenaki. Mimi ndiye niliyeomba, wifi. Nilimpa tatu kwa siku, na usiku nikamwongeza moja kwa sababu alikuwa anaumia.

Jumamosi alfajiri homa ilimtoka. Nilimgusa, nikakuta amelowa jasho na amepoa. Nilifurahi sana, nikampigia simu mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Yuda Tadei, kwa sababu siku hiyo walikuwa wasali kwa Mama Nkwabi. Nikasema, njooni kwetu, Mungu ametenda. Unajua desturi yetu. Mgonjwa akiinuka, jumuiya inahamia kwake, inaimba naye. Na Mihayo ndiye aliyekuwa anawaanzishia nyimbo.

Wakaja watu ishirini na zaidi. Nilimvalisha sweta, nikamkalisha kwenye kochi karibu na mlango. Kila aliyempa mkono alisema, "Baba Winnie, kweli umepoa! Mikono ya baridi kama umetoka ziwani." Wakacheka. Yeye akajaribu kuanzisha wimbo, sauti ikaishia katikati, wenzake wakaudaka. Alitapika mara mbili. Alisema tumbo linamkata hapa juu, nikadhani ni zile dawa, nikamkorogea uji wa ulezi. Alipopiga mswaki, fizi zilitoa damu, akasema mswaki ni mgumu. Na mimi nilikuwa jikoni, nachemsha chai ya watu ishirini, na nilikuwa naimba.

Waliondoka saa tano asubuhi. Saa nane mchana alianza kuhangaika, anakaa, analala, anakaa. Saa kumi tulikuwa hospitali. Jumapili, kabla misa ya pili haijaisha, alikuwa ameondoka.

Nilimuuliza Daktari Mutalemwa kama ni mimi niliyemuua. Nilimuuliza hivyo hivyo. Alivua miwani. Akasema dengi ina aina nne. Ukiugua aina moja, mwili unaikumbuka hiyo na hairudi. Lakini ikija aina nyingine, kinga ile ya zamani wakati mwingine inaishika vibaya, na badala ya kuizuia, inaifungulia mlango. Ndiyo maana aliuliza kama aliwahi kuugua. Akasema hata hivyo wapo wengi wanaougua mara ya pili na wanatembea tu. Kuna umri, kuna mwenye kisukari au ugonjwa mwingine, kuna mjamzito, kuna dawa zile za maumivu zinazozidisha kuvuja damu. Na kuna siku. Hilo la siku ndilo lililonimaliza. Alisema siku mbaya si ile ya moto. Ni siku homa inapotoka. Hapo ndipo maji ya damu yanaweza kuvuja kwenye mishipa, mtu anapoa kwa sababu anakauka ndani, na watu wa nyumbani wanashukuru.

Nikamwambia, "Tulishukuru, daktari." Akavaa miwani yake. Baadaye akasema, "Mama, wengi wanashukuru. Hakuna aliyewaambia."

Matairi yote yaliyokuwa nyuma ya nyumba nimeyatoboa kwa keekee yake, moja moja, maji yatoke. Mbu wa ugonjwa huu wanazaliana humo na wanauma mchana. Sisi tulikuwa tunalala ndani ya neti kila siku, tukijiona salama, kumbe aliumwa akiwa kibandani anakata katambuga zake za matairi.

Sasa umesikia kutoka kinywani mwangu. Kama Mihayo hakuugua kwako, basi nitajua ni dawa yangu na chai yangu, nitabeba. Lakini nataka kujua ninabeba nini.

Wifi yako,
Evelina

*

Tandika
27 Aprili 2025

Wifi yangu Evelina,

Marahaba. Sikuitikia barua zote mbili, naitikia sasa. Sijui hali yako, na naona aibu kuuliza, lakini nauliza. Unakula? Unalala?

Barua yako imekaa chini ya godoro langu wiki tano. Hellen ameniuliza kila siku nina nini.

Aliugua kwangu. Tuliugua wote wawili, mimi nikaanza, yeye akafuata baada ya siku nne. Nyumba nzima ya wapangaji iliugua mwaka ule. Tulipimwa, tukaambiwa dengi. Yeye ilimpitia kwa upole, siku tano amelala, vipele kidogo, akaanza kudai ugali. Alinikataza nisikwambie. Alisema, "Evelina ana mimba, akisikia atapanda basi aje. Mwambie mashine imechelewa." Nikacheka, nikakubali. Tuliona ni siri ndogo ya ndugu.

Hilo ningeweza kukwambia siku ya kwanza. Lililonifunga mdomo ni lingine.

Jumatano ile, siku ya pili ya ugonjwa wake, alinipigia. Alikuwa kibandani, amejilazimisha kwenda. Akasema, "Dada, mwili huu naufahamu. Nahisi ni ile ya Tandika imenifuata." Nami nikamcheka, Evelina. Nikamwambia, "Acha woga, Mihayo. Dengi haimpati mtu mara mbili. Mimi na wewe tumeshachanjwa na Mungu. Hiyo ni malaria, kunywa dawa ulale." Alicheka na yeye. Akasema, "Basi kama wewe daktari umesema." Tukakata simu.

Ndiyo sababu hakukwambia wala hakumwambia mtu wa duka. Nilimtoa wasiwasi wake mimi. Kama ningenyamaza tu, labda angesema.

Siku ya mazishi nilipowasikia wale wanawake wakisimulia habari ya chai, nilipata mahali pa kuutupa mzigo. Nikautupa kwako mbele ya Mama.

Sikuombi unisamehe kwenye barua.

Wifi yako,
Tereza

*

Igoma
4 Mei 2025

Wifi Tereza,

Shikamoo. Nakula. Usingizi si mwingi.

Nitakuwa mkweli. Nilikasirika siku mbili. Nilifua nguo ambazo zilikuwa safi. Nilipofika kwenye koti lake la kazi, nikakuta mfukoni uzi wenye mafundo, ule aliokuwa akipimia miguu ya wateja. Fundo la mguu wa Winnie lipo, dogo, mwanzoni kabisa. Nikakaa chini na hasira ikaisha, au imejificha, sijui. Nafikiri ningekuwa mimi ningemwambia vilevile. Nani kwetu alijua kwamba kuugua mara moja si chanjo?

Lakini sasa nisikilize, maana nimeogopa. Ng'washi ameniambia dengi imesikika tena huko kwenu na mvua hizi. Wewe umeshaugua mara moja. Na una kisukari. Nilimrudia Daktari Mutalemwa kwa ajili yako tu, akaniambia niandike hivi. Ukipata homa, usimeze diklofenaki, wala brufeni, wala aspirini, hata kama mifupa inalia. Ni panadoli, na kwa kipimo. Kunywa maji na ORS. Nenda upime, na neno la kwanza uwaambie kwamba uliugua mwaka 2019 na una sukari. Homa ikikutoka, usikae na wageni. Ukiona tumbo linakata, unatapika, fizi zinatoa damu, au mikono imekuwa baridi, nenda saa hiyo hiyo. Akasema pia usikubali mtu akutundikie madripu ovyo nyumbani, maana maji yakizidi nayo yanaua. Ni ya kupimwa na wanaojua.

Ndoo zako zifunike. Mwambie Hellen.

Na jambo langu. Kikao ni tarehe kumi na nne mwezi wa sita. Jumapili iliyopita nilikwenda Bujora, Mama alinipa kiti, hakunipa maneno. Winnie aliniuliza, "Mama, wewe ni mgeni?" kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wageni. Sikuombi ujishtaki mbele ya ukoo. Naomba tu umwambie Mama kile ambacho mimi sikujua.

Wifi yako,
Evelina

*

Wodini, Dar es Salaam
21 Mei 2025

Evelina,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi naandika kwa mkono usio na sindano, utanisamehe mwandiko.

Homa ilinishika Jumamosi. Hellen alikimbilia dukani akaja na brufeni, nikamwonyesha barua yako, akarudi akazibadilisha. Jumatatu nikapima, ni yenyewe. Leo alfajiri imenitoka. Wapangaji wenzangu wamekuja chumbani na chapati na madafu, mmoja anasema, "Mama Hellen, umepoa kabisa, wewe ni chuma!" Nimeangalia mikono yangu. Nikawaambia nipeni bajaji. Wamedhani nimechanganyikiwa, mtu amepona ndiyo anakwenda hospitali.

Hapa wamesema damu imekuwa nzito na chembe za kuigandisha zimeshuka sana, na sukari imepanda. Wananipa maji tone kwa tone, wanakuja kila saa kupima. Muuguzi mmoja ameniuliza ni nani aliyeniambia nije leo badala ya kesho. Nimesema ni mke wa kaka yangu.

Tumbo limeanza. Nitakatisha.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, imekunjwa, ni ya Mama. Nimeandika yote, na simu, na kucheka kwangu. Kwenye simu nisingeweza, angenilaani kabla sijamaliza, nami ningenyamaza. Kama sitatoka, ipeleke. Nikitoka, ipeleke vilevile, usinihurumie.

Tereza

*

Igoma
22 Juni 2025

Wifi yangu Tereza,

Shikamoo, na pole kwa yote. Hellen alinipigia siku ya tisa tangu ulazwe akaniambia umetoka, unatembea kwa kushika ukuta. Tangu hapo nimeandika barua hii mara tatu na kuichana. Naomba uisome umekaa.

Karatasi yako niliipokea tarehe ishirini na sita, wakati bado uko wodini. Nilikaa nayo. Nilijua ikisomwa nitampata mwanangu, na nilijua itakugharimu nini. Mara mbili niliamua niifiche nijaribu bahati yangu kikaoni. Kisha nikakumbuka ulivyoandika kwamba nisikuhurumie, nikaenda Bujora siku tatu kabla ya kikao, ili isisomwe mbele ya wote.

Mama alikuwa anakata viazi vya kuanika michembe. Baba mdogo Masele ndiye aliyemsomea. Alisoma taratibu, na Mama aliendelea kukata. Alipomaliza, Mama akasema, "Soma tena pale."

"Pale wapi, shemeji?"

"Pale walipocheka."

Masele akasoma tena. Kisu kikasimama. Mama akasema, "Kwa hiyo walijua wanangu wawili, na aliyenyang'anywa mtoto ni huyu." Baadaye akanigeukia. Tangu mazishi hakuwahi kunitazama usoni. Akasema, "Mama Winnie, wageni wakija, mtu anapika chai. Hata mimi ningepika."

Aliinuka akafunga nguo za Winnie mwenyewe, alizikunja vizuri, akatia na michembe kwenye mfuko. Kwenye kikao hakukuwa na mjadala, alisema neno moja tu, mtoto ameshakwenda kwa mama yake.

Lakini alisema na lingine, na siwezi kukuficha. Alisema usije. Hukuja kikaoni kwa sababu ya ugonjwa, ila amesema hata ukipona usije mpaka akuite. Nilimwambia, "Mama, ametoka kufani juzi tu." Akanijibu, "Sijauliza." Nilimwambia kwamba ni barua hiyo iliyonirudishia Winnie, na kwamba ulikuwa na sindano mkononi ulipoiandika. Akasema, "Najua mwandiko wake ulivyo." Wala hajui kusoma.

Sikufurahi njiani, wifi. Nilimshika Winnie mkono na niliona kama nimechukua kitu kutoka nyumbani kwako.

Winnie yuko hapa. Anauliza kwa nini matairi ya baba yana matundu. Nilimpeleka kwa Daktari Mutalemwa, kwa sababu wiki ile ya Januari na yeye alichemka siku mbili, akacheza siku ya tatu, hakuna aliyemjali. Daktari amesema huenda alipata, huenda hakupata. Kama alipata, basi atakuwa kama wewe, kama Mihayo, mtu wa kuangaliwa mara ya pili. Nimeandika nyuma ya kadi yake ya kliniki: huenda Januari 2025. Kila akisema amechoka namgusa shingo, na akiwa wa baridi naogopa zaidi kuliko akiwa wa moto. Sijui nitaacha lini.

Kuna jambo dogo lililobaki. Siku ile tulipotoka, Mama alitusindikiza mpaka njia ya Kisesa, jambo ambalo hakulifanya hata nilipoolewa. Tulipofika barabarani akasimama, akawa anaangalia ng'ombe wa watu. Akasema kama anayejisemea mwenyewe, "Anakula?"

Nikasema, "Nani, Mama?"

"Unajua nani."

Nikamwambia Hellen amesema unakula uji na samaki kidogo, na sukari imeshuka. Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Usimwambie nimeuliza."

Ndiyo maana nakuambia. Kula, wifi. Kila Jumapili nitakwenda Bujora na Winnie, nitakaa hapo karibu na viazi vyake, na nitasema habari zako hata kama hakuuliza. Sijui itachukua muda gani.

Huku jumuiya imerudi kusali kwangu mara moja. Niliwapa maji tu, sikuwasha jiko, na hakuna aliyeuliza chai. Walipomtaja Mihayo, nilikutaja na wewe. Ukipata nguvu ya kusali huko, nami unikumbuke.

Wifi yako,
Evelina